Kabla ya Kupiga Dawa

Nyanya iliyohamishwa kitaluni mwezi Desemba kwenye ukanda wa pwani itachanua na kuzaa katika jua la kaskazi, na jua hilo ndilo linalomlea utitiri. Nyanya hiyohiyo ikipandwa Aprili kwenye miteremko ya Lushoto itakutana na ukungu wa asubuhi, majani yasiyokauka mchana kutwa, na bakajani chelewa. Mbegu huenda zimetoka pakiti moja, lakini maadui ni wawili tofauti kabisa, na wote wawili walikwisha kutangazwa na hali ya hewa kabla mche haujaota jani la tatu. Anayeshangaa Februari kuona bustani yake imegeuka rangi ya shaba amesahau tu kuitazama kalenda.

Sura hii inaifuata kalenda hiyo. Nimeiandika zaidi kwa ajili ya bustani ya uani: matuta machache ya mchicha, bamia, nyanya chungu na sukuma wiki, mwembe mmoja, labda na mpapai karibu na bomba la maji. Mwenye ekari kumi za nyanya ana hesabu zake, ingawa wadudu ni walewale. Misimu ninayoitaja ni ya pwani: kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Msomaji wa Iringa au Mbeya, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Novemba hadi Aprili, asogeze miezi, kanuni haisogei. Joto kavu lina wadudu wake na unyevu una magonjwa yake.

Tuanze na kaskazi, maana ndiyo inayofilisi watu.

Utitiri mwekundu ana miguu minane. Ni ndugu wa buibui na kupe, na dawa nyingi zinazouzwa kwa jina la viuadudu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mbaya zaidi, zile za jamii ya pareto ya viwandani huwaua wadudu waliokuwa wakimla, naye akabaki na uwanja mtupu. Mkulima anapiga dawa, wiki mbili baadaye utitiri ameongezeka, anapiga tena kwa kipimo kikali zaidi, na kila mara anazidi kumfanyia kazi adui yake. Kwenye joto la nyuzi 30 utitiri huyu anatoka yai hadi kutaga mayai yake mwenyewe kwa muda usiofika wiki mbili. Hesabu hiyo haishindwi kwa bomba la mgongoni.

Kinachomshinda ni maji na macho. Utitiri hukaa upande wa chini wa jani, anapenda vumbi na ukavu, na hapendi kulowa. Bustani iliyo kando ya barabara ya vumbi hushambuliwa kabla ya nyingine. Uzio wa matete au mihogo upande wa barabara huisaidia kuliko watu wanavyodhani. Asubuhi, mara mbili kwa wiki, chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya jani la chini kabisa na uligonge jani kwa kidole. Vidoa vyekundu vikianza kutembea kwenye karatasi, yakate majani hayo ya chini, yatie kwenye mfuko na uyaondoe bustanini, kisha rusha maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu. Na mnavu ulioachwa ujiotee pembeni, ule usiopandwa na mtu, ung'oe. Utitiri anayesumbua nyanya zaidi huku kwetu alitoka Amerika ya Kusini, na mnavu ni chakula chake sawa na nyanya. Nyanya zikiisha anahamia huko na kungoja msimu ujao.

Msimu huohuo wa jua ndio wa inzi weupe. Huyu anafyonza kidogo, lakini anabeba virusi vinavyosababisha ugonjwa ambao wakulima wengi wa Tanzania huuita rasta: majani ya juu yanajikunja na kuwa ya manjano, mmea unadumaa, maua yanapukutika. Rasta haina dawa. Mmea ulioambukizwa ukiwa mdogo hautazaa kitu, na kuubembeleza kwa mbolea ni kuwafuga inzi walio juu yake ili wapeleke virusi kwa jirani. Ung'oe siku unayouona. Kinga ya kweli ipo kitaluni, katika wiki nne za mwanzo, kwa kufunika miche kwa wavu wenye matundu madogo sana uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Chandarua cha mbu hakifai, inzi mweupe anapita katika matundu yake bila kukunja bawa. Pembeni ya kitalu weka ubao au kifuniko cha ndoo cha rangi ya manjano kilichopakwa grisi. Mtego huu hauwamalizi inzi. Faida yake ni kukuonyesha siku waliyoingia.

Sasa tunafika kwenye kazi ambayo karibu kila mtu huiacha: mwisho wa Februari, nyanya za kaskazi zimekwisha kuvunwa, mashina yamesimama makavu na matunda machache yaliyooza yananing'inia, mkulima amechoka na anangoja mvua. Bustani inaonekana imelala. Kumbe humo ndimo anamozaliana kantangaze.

Nondo huyu mdogo wa kijivu, mrefu chini ya sentimita moja, asili yake ni Amerika ya Kusini. Mwaka 2006 alionekana Hispania, akaizunguka Bahari ya Mediterania kwa miaka michache tu, akavuka Afrika Kaskazini, na mwaka 2014 alikuwa ameingia Tanzania na Kenya. Mabwana shamba waliokuwepo wakati huo wanayakumbuka mashamba ya nyanya yaliyounguzwa kana kwamba moto umepita. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260. Kiwavi akianguliwa hutoboa jani na kuingia kati ya ngozi ya juu na ya chini, akala nyama ya jani humo ndani. Baadaye huingia kwenye shina na kwenye tunda. Wakishiba, wengi hushuka udongoni kugeuka buu, wengine hubaki kwenye majani makavu. Mzunguko mzima unaweza kuchukua siku 24 tu kukiwa na joto, na katika nchi zisizo na baridi kali vizazi kumi au kumi na viwili kwa mwaka ni jambo la kawaida.

Ukiyaangalia maisha hayo utaona kwa nini dawa inamkosa. Kiwavi yumo ndani ya jani, buu yumo ndani ya udongo, na nondo anaruka usiku. Dawa inamkuta nje kwa muda mfupi sana, na kwa kuwa vizazi vinapishana haraka, wachache wanaonusurika hurithisha watoto wao ukinzani. Ndiyo maana dawa iliyosifiwa sana mwaka huu, misimu miwili baadaye inasemekana imechakachuliwa. Wakati mwingine kweli imechakachuliwa. Mara nyingi ni nondo aliyebadilika.

Basi, mwisho wa mavuno, ng'oa mashina yote pamoja na mizizi. Usiyatupe kwenye kona, na usiyatie kwenye lundo la mboji ambalo halipati moto wa kutosha. Yachome, au yafukie kwa kina cha nusu mita, au uyafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki na kuuacha juani hadi kila kilichomo kipikike. Matunda yaliyooza vivyo hivyo. Lima udongo ugeuke, uuache wazi kwa jua la siku chache za mwisho za kaskazi. Mabuu yaliyofichuliwa hukauka au huliwa na kuku. Kisha usipande nyanya hapo tena masika, wala bilinganya, nyanya chungu, viazi mviringo au pilipili, maana hizo ni ukoo mmoja na wengi wa maadui wake ni wamoja. Panda mahindi, maharage, mchicha au vitunguu. Mzunguko wa mazao unaweza pia kuwapunguza minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi ijae vivimbe na ambao hakuna bomba linalowafikia.

Jambo moja linauma. Haya yote ukiyafanya peke yako na jirani akaacha mashina yake yamesimama, nondo watatoka kwake. Uzio wa michongoma hauwazuii. Kwa hiyo mazungumzo na jirani kuhusu siku ya kusafisha ni sehemu ya kilimo, na pengine ndiyo ngumu kuliko kulima. Mitego ya harufu ya jike, inayowavuta nondo dume hadi kwenye beseni la maji ya sabuni, inafanya kazi vizuri pale mtaa mzima ukiitumia; kwa bustani moja inakupa habari tu kwamba wamefika.

Februari hiyohiyo inua matuta na uchimbe mifereji. Masika yakianza hutakuwa na nafasi, na mizizi iliyosimama kwenye maji siku mbili imekwisha kufunguliwa mlango wa kuoza.

Masika yenyewe, kuanzia Machi hadi Mei, ni msimu wa magonjwa kuliko wadudu. Konokono wapo, na sota wapo, yule kiwavi mnene wa kijivu anayekata mche usawa wa ardhi usiku na kujikunja udongoni alfajiri. Sota mfukue kwa kidole kando ya mche uliokatwa, hayuko mbali. Mche uliobaki uvalishe kola ya karatasi ngumu, nusu ndani ya udongo. Imetosha kwa hao.

Ugonjwa unataka maelezo zaidi. Bakajani chelewa ni ule ulioangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuacha watu wapatao milioni moja wakifa kwa njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Unahitaji ubaridi na jani lililolowa, ndiyo maana Lushoto, Njombe na nyanda za juu za Kenya wanaujua kuliko Bagamoyo. Madoa ya rangi ya maji machafu huanza kwenye jani, asubuhi upande wa chini una unga mweupe, na kukiwa na mvua mfululizo shamba zima linaweza kwisha ndani ya wiki moja au mbili. Hapa nasema kinyume cha jina la sura: kwa nyanya au viazi vya masika kwenye baridi, dawa ya ukungu ya jamii ya shaba hupigwa mapema, kabla ya doa la kwanza, kwa sababu inakinga jani na haiponyi lililokwisha kuugua. Lakini hata hiyo inategemea kazi ya mikono: mimea iwe na nafasi, isimamishwe kwa miti, majani yanayogusa udongo yaondolewe, chini pawekwe matandazo ili mvua isirushe matope, na mtu asipite katikati ya mimea ikiwa imelowa. Nguo yenye umande hubeba ugonjwa kutoka tuta la kwanza hadi la mwisho.

Pwani kwenye joto, masika huleta zaidi mnyauko bakteria. Mmea unanyauka mchana ukiwa bado kijani, jioni unajitutumua, siku ya tatu umekufa. Watu humwaga maji wakidhani ni kiu. Kabla ya kumwaga, kata shina karibu na mizizi na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache, kama uzi mweupe kama tui unatiririka kutoka kwenye shina, hao ni bakteria. Ng'oa mmea na udongo wake, safisha jembe na kisu, na tuta hilo lisahau ukoo wa nyanya kwa miaka kadhaa. Hakuna dawa ya dukani itakayokusaidia, hata muuzaji akikuhakikishia.

Masika yakiisha na ubaridi wa kipupwe ukaingia, Juni hadi Agosti, bustani inapumua. Ndio msimu wa kabichi, sukuma wiki, karoti na figili, na ndio msimu ambao bustani hudhuriwa zaidi na mwenyewe kuliko wadudu. Vidukari, wadudu mafuta kwa jina lingine, hukusanyika kwenye ncha changa za majani. Majike yao huzaa watoto hai bila kupandwa na dume, ndiyo maana Jumatatu unaona kumi na Jumamosi jani limefunikwa. Lakini hao ndio chakula cha kobe-wadudu wenye madoa, wa viluwiluwi vya nzi wa maua na wa nyigu wadogo. Ukisubiri siku chache huku ukizifinya ncha zilizojaa kwa vidole, mara nyingi walaji hufika. Ukipiga dawa siku ya pili, walaji hawafiki tena. Angalia pia mkono wako kwenye urea: majani laini yaliyonenepeshwa kwa naitrojeni nyingi ndiyo vidukari huyachagua kwanza. Na ukiona sisimizi wanapanda na kushuka shina, jua wanakwenda kukamua utamu wa vidukari na kuwalinda. Shughulika na sisimizi.

Nondo wa kabichi, mwenye almasi tatu mgongoni akikunja mabawa, ana historia inayostahili kusimuliwa kwa kila mwenye bomba. Ni miongoni mwa wadudu wa mwanzo kabisa wa mashambani kuizoea DDT, huko Java miaka ya 1950, na tangu hapo amezoea karibu kila kundi la dawa lililotumiwa dhidi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE jijini Nairobi kilijaribu njia nyingine. Kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo anayeitwa Diadegma semiclausum, ambaye hutaga yai ndani ya kiwavi wa nondo huyo, na mwaka 2002 kikamwachilia Wundanyi, kwenye milima ya Taita, kisha maeneo mengine ya juu ya Kenya. Nyigu alienea mwenyewe, idadi ya nondo ikashuka, na wakulima wengi wakapunguza kupiga dawa. Nyigu huyu hapendi joto la pwani, hivyo wa Mkuranga asimngoje. Ila funzo la kazi linabaki: pale alipofaulu, alifaulu kwa wale waliokubali kuacha bomba ghalani.

Vuli huja na maembe, na maembe huja na funza. Nzi wa matunda kutoka Asia aligunduliwa Kenya mwaka 2003, pwani, na muda si mrefu akawa kote Afrika Mashariki, akawasukuma kando hata nzi wa matunda wa asili. Anataga chini ya ganda la embe linaloanza kuiva. Funza wakishiba tunda linaanguka, wao wanaingia udongoni. Kazi yako ni kuokota kila embe lililoanguka, kila siku, na kulifunga kwenye mfuko mweusi juani kama mashina ya nyanya. Kuyaacha chini ya mwembe yaoze ni kumfugia nzi wa mwakani.

Juu ya mwembe huohuo huenda tayari kuna mlinzi, na huenda umekuwa ukimchoma moto. Majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wana sifa mbaya kwa kila aliyewahi kupanda mti wao, na wachuma karafuu wa Unguja na Pemba hawana neno zuri juu yao. Lakini huko Zanzibar, mwanzoni mwa miaka ya 1950, mtafiti Mwingereza M. J. Way alichunguza kwa nini baadhi ya minazi ilikuwa ikipukutisha nazi changa na mingine ya jirani haipukutishi. Aliyesababisha ni mdudu mfyonzaji anayedunga nazi zikiwa ndogo, na minazi yenye majimoto ilikuwa salama kwa sababu majimoto humwinda. Mwaka 1955 mdudu huyo akapewa jina la kisayansi linalomtaja mtafiti huyo, Pseudotheraptus wayi. Way aliona pia kwamba majimoto wana maadui wao, sisimizi wadogo wa ardhini, na pale hao walipotawala, minazi ilibaki bila ulinzi.

Baadaye, uchunguzi uliofanywa Benin kwenye miembe ulionyesha kwamba nzi wa matunda huepuka kutaga kwenye miti ambayo majimoto wanaitembelea. Sitaki kuwapamba: majimoto huwalinda pia wadudu gamba wanaowapa utamu, na kuvuna embe lao kunataka mikono mirefu ya nguo na subira. Hata hivyo kwa mwembe wa uani, nadhani malipo ni halali. Waache. Kama una miembe miwili na mmoja tu una viota, funga kamba kutoka mti hadi mti wapite juu, wasilazimike kupitia ardhini wanakopigwa vita.

Na pale yote hayo yasipotosha, dawa. Mwarobaini kwanza. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu wa Kijerumani, Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan, aliona nzige wakimaliza kila kijani isipokuwa miarobaini, na kutoka hapo utafiti wa sayansi ya kisasa juu ya mti huo ukapata kasi. Kiini chake huwakosesha wadudu hamu ya kula na kuwazuia kujivua ngozi ili wakue, kwa hiyo usitegemee kuona maiti kesho asubuhi. Kipo zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, na jua hukiharibu, basi twanga mbegu kavu, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ili maji yashike jani, piga jioni. Pareto halisi nayo huharibiwa na jua na hupigwa jioni, lakini inaua haraka, na inaua nyuki na samaki pia. Utupa ulitumiwa na wazee kuvulia samaki kwa sumu. Kuuita dawa ya asili hakuufanyi kuwa maji ya kunywa. Tumbaku iliyolowekwa siipendekezi kabisa: ni sumu kali kwa anayeikoroga, na inaweza kubeba virusi vya batobato hadi kwenye nyanya. Kuhusu michanganyiko ya pilipili kichaa, kitunguu saumu na mkojo wa ng'ombe, inayosambazwa kwa sifa nyingi, naamini sehemu kubwa ya mafanikio yake yanatokana na mtu kuingia bustanini kila jioni.

Ukilazimika kununua ya dukani, nunua iliyosajiliwa, yenye lebo unayoweza kuisoma. Usibadilishe jina la biashara ukadhani umebadilisha dawa: tazama kiambato amilifu na kundi lake, maana chupa tatu za rangi tatu zinaweza kuwa na kitu kimoja. Usichanganye mbili kwa kukisia. Halafu soma mstari unaotaja siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Mstari huo unamhusu anayekula kuliko unavyokuhusu wewe, na mchicha unaochumwa kila wiki ndio unaouvunja mara nyingi. Lebo ikisema siku saba na mteja amekuja siku ya tatu na pesa mkononi, mwambie arudi siku ya nane.